Reli nyepesi na metro

Reli nyepesi ni usafiri wa mjini unaotumia treni fupi za umeme zinazopita zaidi juu ya ardhi, katikati ya barabara au kando yake. Metro hutumia treni ndefu kwenye njia isiyokatizwa na gari wala mwenda kwa miguu, mara nyingi ndani ya handaki. Wengi huzitofautisha kwa handaki, lakini jambo la msingi ni njia yenyewe. Treni inayosubiri taa za barabarani ni vigumu ifuatane na nyingine kila baada ya dakika mbili, hata ikiwa mpya kiasi gani.

Cairo ilifungua metro ya kwanza barani Afrika mwaka 1987, na haikulazimika kuchimba mji mzima. Tayari palikuwa na reli ya Helwan upande wa kusini na ya El Marg upande wa kaskazini, zisizokutana. Wahandisi waliziunganisha kwa handaki la takriban kilomita 4.5 katikati ya mji, ikapatikana njia ya zaidi ya kilomita 40 ambayo sehemu yake kubwa iko juani. Njia ya pili, iliyoanza mwaka 1996, ilikuja kupita chini ya Mto Nile, na ya tatu ikafuata mwaka 2012.

Addis Ababa ilichagua reli nyepesi. Ilizinduliwa Septemba 2015, na njia zake mbili, zenye urefu wa jumla wa kilomita 34 hivi, zilijengwa kwa dola za Marekani milioni 475, nyingi zikiwa mkopo wa Benki ya Exim ya China. Hiyo ni kama dola milioni 14 kwa kilomita. Handaki la metro mara nyingi hupita dola milioni 100 kwa kilomita. Kwa serikali yenye mfuko mdogo, hesabu hiyo ina mvuto.

Bei ya ujenzi, hata hivyo, si bei ya kuendesha. Treni 41 zilinunuliwa, lakini baada ya miaka michache nyingi zilikuwa zimeegeshwa kwa kukosa vipuri. Isitoshe, reli iliyozungushiwa uzio katikati ya barabara iligawa mitaa: anayetaka kuvuka kwenda dukani ng'ambo huzunguka hadi penye kivuko. Metro ya chini haina tatizo hili.

Kwa hiyo inafaa mji unaopanua reli uchimbe pale tu ambapo abiria ni wengi mno na barabara haina nafasi. Kwingineko ipite juu, mradi fedha za karakana na vipuri zitengwe mapema. Dar es Salaam haikuchagua hata moja: mwaka 2016 ilianza na mabasi ya mwendokasi, nayo yakapewa njia yao.