Fomu ya Maoni Haijawahi Kushinda Ligi

Wasee, juzi timu yetu ya mtaa ilituma fomu kwa grupu ya WhatsApp. Msimu unakaribia, eti wanataka maoni yetu. Maswali 3: jezi iwe rangi gani, mazoezi yawe asubuhi ama jioni, una lingine la kusema? Wachezaji tuko zaidi ya 20. Waliojaza ni 4.

Mimi sikujaza. Mwaka jana nilijaza vizuri kabisa, nikaandika kwamba wenzetu wanaotoka mbali wanakosa mazoezi kwa sababu ya nauli. Unajua tulipata nini? Jezi za bluu.

Sasa kocha anasema vijana wa siku hizi hawajali. Zii. Ushahidi uko hapa hapa Nairobi, na ni wa kitambo kuniliko.

Mathare, 1987. Watoto wanapiga mpira wa majuala uliofungwa kamba, kando ya takataka. Bob Munro, Mkanada aliyekuwa anafanya kazi za mazingira hapa jijini, akasaidia kuanzisha Mathare Youth Sports Association, yaani MYSA. Makubaliano yalikuwa rahisi: chama kikikufanyia kitu, na wewe unafanya kitu. Kwa hivyo timu zilitoka na toroli na reki kusafisha mtaa, na kazi hiyo ikaleta pointi za ligi. Pointi za ukweli, kwa jedwali. Mnaweza kupiga kila mtu uwanjani na bado mpitwe na timu iliyozibua mitaro.

Hiyo ya takataka ndiyo watu hupenda kusimulia. Ile ya maana zaidi huwa wanairuka. MYSA iligawa ligi kwa zoni, na kila zoni ikawa na kamati ya vijana waliochaguliwa na vijana wenzao. Kutoka hapo wawakilishi walipanda hadi mabaraza ya juu, la michezo na la huduma kwa jamii. Wengi walikuwa matineja. Imagini uko na miaka 16, na wewe ndiye unapanga mechi za zoni nzima!

Sasa fikiria malalamiko yanavyosafiri hapo. Uwanja ukiwa mbovu msimu uliopita, huhitaji kumwandikia mtu barua. Aliyekanyaga ile matope ndiye amekaa mezani wakipanga msimu mpya. Ama chukua wasichana, walioingia miaka ya mwanzo ya 90. Msichana wa Mathare ana maji ya kuchota, mtoto wa kuangalia, na mzazi anayetaka afike nyumbani kabla ya giza. Saa ya mechi kwake si swali dogo la asubuhi ama jioni. Hiyo ndiyo inaamua kama atacheza ama hatacheza.

Na mpira haukuharibika kwa kuwasikiliza watoto. Mathare United ilizaliwa 1994 kutoka kwa vijana hao hao. Ikabeba Moi Golden Cup 1998, ikarudia 2000, halafu 2008 ikawa bingwa wa Kenya.

Kuna msee atasema MYSA ilikuwa na wafadhili wa nje. Ni kweli, ilikuwa nao. Lakini kiti kimoja cha mchezaji kwenye kamati kinagharimu pesa ngapi?

Hata mabingwa wa kulipwa wamewahi kufanya hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 80, Brazil ikiwa bado chini ya wanajeshi, klabu ya Corinthians kule São Paulo iliamua mambo yake kwa kura. Kura ya Sócrates, daktari na nahodha wa Brazil, ilihesabiwa sawa na ya mtu wa kutunza vifaa. Walipigia kura hadi ile sheria ya kufungiwa kambini kabla ya mechi. Wakabeba ubingwa wa jimbo 1982, na 1983 tena.

Kwetu mkutano ni Jumamosi saa nne, kwa ukumbi wa mtaa. Nitaleta ile ya nauli tena. Na nitaomba wachezaji 2 waingie kamati, tuwachague sisi wenyewe, si kocha. Wakikataa nitawaambia hapa hapa. Wakikubali, basi hata hizo jezi za bluu nitavaa bila kelele.