Mkojo hautaji anwani

Historia ya kipimo hiki inaanzia kwenye friza. Katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, Jason Morrow na Jackson Roberts walikuwa wakipima prostaglandini, kemikali ambazo mwili huzitengeneza kwa kutumia kimeng'enya maalumu. Wakagundua kwamba plazma iliyokaa miezi kadhaa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri ilikuwa imejaa vitu vinavyofanana sana na prostaglandini. Sasa, chupa iliyoganda ingevitengenezaje?

Wengi wangemwaga sampuli na kuanza upya. Hawa wakafuatilia. Kumbe mafuta ya plazma yalikuwa yameshambuliwa na oksijeni humo humo kwenye friza, kama mafuta ya kupikia yanavyobadilika harufu yakikaa sana kabatini. Mwaka 1990 wakachapisha kwamba vitu hivyo, vilivyokuja kuitwa isoprostani, hutengenezwa pia ndani ya mtu aliye hai, na kwamba hutoka kwenye mkojo.

Habari hiyo ilikuwa imesubiriwa. Tangu 1956 Denham Harman alikuwa amedai kwamba tunazeeka kwa sababu ya radikali huru, yaani molekuli zenye elektroni isiyo na mwenzake, zinazopora za jirani. Mwaka 1985 Mjerumani Helmut Sies akaipa jina hali ya mwili kuzidiwa na uporaji huo: mkazo wa oksidisheni. Ubongo ukatajwa kuwa mhanga mkubwa. Una kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni, tena umejaa mafuta. Ila radikali yenyewe haikamatiki, inatoweka kufumba na kufumbua. Isoprostani inabaki. Na kwa mzee mwenye Alzheimer, kukojoa kwenye kikombe si sawa na kuchomwa sindano ya uti wa mgongo.

Basi watu wakakimbilia mkojo. Mwaka 2002 kundi la Domenico Praticò, Pennsylvania, likaripoti kwamba isoprostani ya aina moja ilikuwa juu kwenye maji ya uti wa mgongo, damu na mkojo wa watu walioanza kusahau kabla hata hawajafikia Alzheimer kamili. Mwaka huo huo kundi la Thomas Montine likaripoti kinyume: kwenye damu na mkojo wa wagonjwa wa Alzheimer hawakuona ongezeko lolote. Hawakupima molekuli ile ile wala kwa njia ile ile, na hilo lilichochea ubishi.

Mimi naona hoja ya Montine ndiyo nzito. Mkojo hukusanya taka za ini, mapafu, misuli na mishipa. Mvutaji sigara ana isoprostani nyingi hata kama ubongo wake hauna neno. Halafu kuna suala la hesabu. Kwa kuwa mkojo huwa mzito au mwepesi kutegemea maji uliyokunywa, maabara hugawanya kiwango kwa kreatinini, taka inayotokana na misuli. Mgonjwa aliyekonda misuli hutoa kreatinini kidogo, kwa hiyo jibu lake linapanda hata kama oksijeni haijaharibu kitu cha ziada.

Wakati huo vitamini E ilikuwa imeshajaribiwa. Utafiti wa DATATOP, uliotoa matokeo ya mwisho mwaka 1993, uliwapa baadhi ya wagonjwa 800 wa Parkinson yuniti 2,000 kwa siku, na haikupunguza kasi ya ugonjwa. Wauza vidonge hawaitaji tafiti hiyo.

Mwaka 2015 Japani iliidhinisha edaravoni, dawa inayozima radikali, kwa ajili ya ALS, ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli. Marekani ikafuata 2017. Kipimo kikuu cha jaribio lililoipitisha hakikuwa kikombe cha mkojo. Kilikuwa orodha ya maswali 12 kwa mgonjwa: bado unaweza kuandika? Kumeza? Kujigeuza kitandani? Kupanda ngazi?