Kutoka Atlanta Hadi Lewiston: Sababu za Wakimbizi wa Kisomali Kuhamia Jimbo Tulivu la Maine Tangu Mwaka 2001

1.0 Utangulizi

Historia ya wakimbizi aghalabu huandikwa kana kwamba mkimbizi ni mzigo unaosafirishwa na wengine. Vita humfukuza kwao, kambi humpokea, serikali ya ng'ambo humkubali, na shirika humteulia mji wa kuishi. Katika masimulizi hayo mkimbizi ni mtendwa daima. Uhamaji wa Wasomali kutoka jiji la Atlanta na miji mingine mikubwa ya Marekani kwenda Lewiston, mji mdogo wa jimbo la Maine, unaipinga picha hiyo. Makala haya yanachunguza sababu za uhamaji huo na kujenga hoja kwamba ulikuwa uamuzi uliopimwa. Ulikuwa miongoni mwa maamuzi machache makubwa ambayo familia hizo zilijiamulia zenyewe tangu serikali ya Somalia ilipoanguka mwezi Januari 1991.

2.0 Makazi yaliyoteuliwa na wengine

Wasomali wengi waliopokewa Marekani katika miaka ya 1990 walikuwa wamepitia kambi za Kenya, hususan Dadaab. Walipofika, waligawanywa katika miji ambamo mashirika ya kupokea wakimbizi yalikuwa na ofisi. Clarkston, mji ulio pembezoni mwa Atlanta katika jimbo la Georgia, ni mfano unaojulikana sana. Palikuwa na nyumba nyingi za kupanga, usafiri wa umma na ajira zisizohitaji Kiingereza kingi. Kwa kipimo cha waliopanga, mahali hapo palifaa.

Kipimo cha wazazi kilikuwa tofauti. Katika malezi ya Kisomali, kama ilivyo katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, mtoto huangaliwa na kila mtu mzima anayempita njiani. Jijini, mzazi alitoka alfajiri kwenda kazini na kurudi usiku, ilhali mtoto alilelewa na mtaa asioujua. Uhalifu, madarasa yaliyosongamana na hofu ya vijana kuvutwa na magenge viliwafanya wazazi waulize swali ambalo mipango ya mashirika haikulijibu: je, watoto waliookolewa vitani watapotelea mjini?

3.0 Sahan: kutanguliza wapelelezi

Swali hilo lilijibiwa kwa njia ya asili. Wafugaji wa Kisomali wana desturi iitwayo sahan, yaani kuwatanguliza watu wachache wanaoaminika kwenda kuyakagua malisho na maji kabla ya kaya nzima kung'oa mahema. Wapelelezi hao hutazama nyasi, huuliza habari za majirani, kisha hurudi kutoa ripoti mbele ya wazee. Jamii ya Atlanta ilifanya vivyo hivyo ilipopeleka watu kukagua majimbo mengine, Maine likiwa mojawapo.

Maine ilikuwa na mengi ya kuripotiwa. Kiwango chake cha uhalifu kilikuwa miongoni mwa vilivyo chini kabisa nchini Marekani. Shule zake zilisifika, na miji yake ilikuwa midogo kiasi cha mzazi kuweza kujua mtoto wake yuko na nani. Familia za kwanza zilielekea Portland, mji mkubwa kuliko yote jimboni, lakini nyumba za kupanga huko zilikuwa adimu. Hivyo basi, kuanzia Februari 2001 baadhi yao walihamia Lewiston, mwendo usiofika kilomita 60 kutoka hapo, ambako fleti nyingi zilikuwa tupu na kodi yake ilikuwa nafuu.

4.0 Mji uliopungukiwa na watu

Utupu huo ulikuwa na historia yake. Lewiston ilikua katika karne ya 19 kwa nguvu ya maji ya Mto Androscoggin, yaliyoendesha viwanda vya nguo. Wafanyakazi wengi wa viwanda hivyo walikuwa wahamiaji wasemao Kifaransa kutoka Québec, nchini Kanada, ambao wenyewe walidharauliwa kwa lugha yao na dini yao ya Kikatoliki. Viwanda vilipodorora baada ya Vita vya Pili vya Dunia, vijana waliondoka. Wakazi 41,779 wa mwaka 1970 walipungua hadi 35,690 mwaka 2000.

Hapa ndipo kiini cha suala kinapoonekana. Hali ileile ilisomwa kwa namna mbili. Kwa mwenyeji, fleti tupu na barabara kimya zilikuwa ushahidi wa kufilisika kwa mji wake. Kwa mgeni, zilikuwa nafasi na usalama. Alichokiomboleza mmoja ndicho alichokuwa akikitafuta mwingine.

5.0 Mgogoro wa utulivu

Maelezo yaliyoenea mjini yalikuwa mepesi zaidi: kwamba Wasomali walifuata fedha za bure. Ni kweli kwamba sheria ya Maine huilazimu kila halmashauri kuwasaidia wakazi wenye dhiki kwa chakula na kodi ya nyumba, na kwamba familia zilizofika zikiwa hazina kitu ziliutumia msaada huo. Hata hivyo, sheria hiyo ilihusu kila mji wa jimbo hilo. Kwa hiyo haiwezi peke yake kueleza kwa nini Lewiston ilichaguliwa, wala kwa nini watu wenye ajira waliziacha Atlanta.

Mwanzoni mwa Oktoba 2002, Wasomali walipokuwa wamezidi elfu moja, Meya Laurier Raymond aliwaandikia wazee wao barua ya wazi akiwasihi wapunguze kasi ya wenzao kuja, kwa madai kuwa uwezo wa mji umefikia kikomo. Wazee walijibu kwa barua yao wenyewe, wakipinga. Habari zilienea nchi nzima, na kundi la wabaguzi wa rangi kutoka nje ya jimbo likatangaza mkutano. Tarehe 11 Januari 2003 mkutano huo ulihudhuriwa na makumi machache tu ya watu, ilhali zaidi ya watu 4,000 walikusanyika katika Chuo cha Bates, mjini humo, kuwaunga mkono wageni.

6.0 Wazigua wa bonde la Juba

Wimbi lililofuata linaigusa Afrika Mashariki kwa karibu zaidi. Wabantu wa Somalia, wakiwemo wasemao Kizigua, ni wazawa wa watu waliochukuliwa utumwani katika karne ya 19 kutoka maeneo ambayo leo ni Tanzania, Msumbiji na Malawi. Marekani ilikubali mwaka 1999 kuwapokea takriban watu 12,000. Walihamishwa kutoka Dadaab kwenda Kakuma, kisha kuanzia mwaka 2003 wakatawanywa katika miji mingi ya Marekani. Haukupita muda mrefu kabla ya wengi kuanza kujikusanya upya Lewiston.

Sababu zao zilifanana na za waliowatangulia, lakini iliongezeka moja: kuunganisha ukoo uliogawanywa na orodha za safari. Uamuzi huo haukuwa mwepesi, kwani uliwaweka mji mmoja na watu ambao baadhi yao waliwadharau kwa asili yao huko Somalia. Kwamba walikuja licha ya hayo ni ishara ya uzito waliouweka katika ujirani wa jamaa. Wengine wa ukoo huohuo walikuwa wamechagua njia tofauti na kurejea katika nchi ya mababu, wakapewa makazi Chogo, wilayani Handeni.

7.0 Hitimisho

Familia zilizohamia Lewiston zilitafuta utulivu, lakini haziukuta ukiwa tayari. Zilikuta theluji, uvumi na barua ya meya. Utulivu ulijengwa baadaye: maduka ya Kisomali yalifunguliwa katika Barabara ya Lisbon, mwaka 2015 timu ya soka ya shule ya sekondari ya Lewiston, iliyojaa vijana wenye asili ya Afrika, ilitwaa ubingwa wa jimbo kwa mara ya kwanza katika historia yake, na mwaka 2019 Safiya Khalid alichaguliwa kuwa diwani.

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hii mara nyingi huchukuliwa kuwa maneno ya ukarimu tu. Tukio la Lewiston linaipa maana ya kihistoria: mji uliopoteza watu ulipata watu, na watu waliopangiwa makazi kwa miaka mingi walipata mahali walipopachagua wenyewe. Mwanahistoria wa uhamaji anapaswa kuanzia katika uchaguzi huo, kwa kuwa swali la nani aliyemleta mkimbizi haliwezi kujibiwa vyema kabla ya kuuliza yeye mwenyewe alikuwa akitafuta nini.