Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki
Chuo cha pamoja cha Kenya, Uganda na Tanganyika (baadaye Tanzania) kuanzia 1963 hadi 1970, mkuu wake akiwa Julius Nyerere. Kila tawi lilibeba fani zake: udaktari na kilimo Makerere, uhandisi na tiba ya mifugo Nairobi, sheria Dar es Salaam. Hivyo mwanasheria wa Kampala na mhandisi wa Mwanza walisomea nchi jirani, wakajuana na wenzao kabla ya kushika kazi. Faida kubwa ambayo mtaala peke yake hauwezi kuitoa. Lakini kila serikali ilihitaji wataalamu wengi zaidi, tena waliofunzwa nyumbani. Nairobi ilipata kitivo cha tiba mwaka 1967, Dar es Salaam 1968. Julai 1970 matawi hayo yakawa vyuo vikuu vitatu vya kitaifa.