Mgeni tumpe nini? Historia ya Beni na Butembo inatufundisha

  

Leo tujiulize swali moja: mgeni anapofika, tumpe nini? Tumpe chakula? Tumpe mtaji? Au tumpe kiti cha kukaa na kusema? Wengi wetu tunajibu chakula, tunaishia hapo. Lakini historia yetu inasema vyote vitatu vinahitajiana, na kimoja kikikosekana amani haikai.

Tuanze na kiti. Wazee wa Kinande wanakumbuka kyaghanda. Ni mahali pa moto, ambapo jioni mzee alifundisha vijana, akakata mashauri, akasimulia ukoo ulitoka wapi. Na masimulizi yenyewe yanasema nini? Koo nyingi za Wanande zinasema babu zao walivuka mto Semuliki wakitoka upande wa Uganda. Walipofika msituni waliwakuta Wambuti. Basi, ndugu, unayemwita mwenzako «mtu wa kuja», uliza kwanza babu yako alikuja lini. Habari ya zamani ikisimuliwa kwa ukweli inashusha kiburi cha mwenyeji na inainua kichwa cha mgeni. Hata hivyo tusifiche kasoro: moto ule ulikuwa wa wanaume. Leo mama asiyekaa penye moto ndiye anayepika kwa ajili ya familia mbili ndani ya nyumba moja.

Sasa mtaji. Wakati wa Mobutu Serikali ilipolegea, watu wa Butembo hawakungoja Kinshasa. Wafanyabiashara wa maharagwe, mboga, kahawa na dhahabu walichanga pesa kwa ajili ya barabara na kazi nyingine za wote. Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeongoza jimbo la Butembo-Beni tangu 1966 hadi 1997, alihimiza watu wajijenge kwa mikono yao. Mwaka 1989 alianzisha Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben. Angalia tofauti: gunia la unga linaliwa mwezi mmoja, lakini shule inazaa miaka mingi. Pesa inayozaa faida na wema kwa pamoja haikuanzia Ulaya. Hapa kwetu tuliifahamu.

Lakini mtaji nao una hatari yake. Tangu 1999 hadi 2003, RCD-K/ML ilipotawala Beni na Butembo, wafanyabiashara wakubwa walilipa ushuru wa forodha mbele ya wakati, nao wakapunguziwa kodi. Mji ulipata nafuu fulani. Lakini nani alikaa kwenye meza ile? Mama muuza sombe hakuitwa. Katika miaka hiyohiyo, mwisho wa 2002, Wambuti na wengine walikimbia ukatili wa Mambasa, wakafika upande wa Beni mikono mitupu. Nao hawakuitwa. Mwenye kuchanga pesa nyingi akiamua peke yake, maendeleo yanageuka kuwa mali ya wachache.

Tufike karibu zaidi. Mwezi wa kumi 2014 mauaji makubwa yalianza katika eneo la Beni. Familia nyingi zilikimbilia Oicha, Beni na Butembo, na nyingi zilipokelewa na familia za kawaida, si kambini. Hofu ilizaa dhambi: katika siku zile watu waliuawa na umati kwa shaka tu. Misaada ilipokuja, mara nyingine mgeni aliandikwa, na mwenye nyumba aliyegawa muhogo wake akasahauliwa. Kijicho kikaingia mlangoni pamoja na gunia.

Halafu ukaja ugonjwa wa Ebola, tangu mwezi wa nane 2018 hadi mwezi wa sita 2020. Watu 2 287 walikufa. Pesa na magari vilifika kwa wingi, na watu wakauliza: «Tulipochinjwa mlikuwa wapi?» Swali halikusikilizwa mapema, na mwezi wa pili 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Lakini kumbuka pia waliopona. Walirudi kulea watoto ambao mama zao walikuwa wagonjwa, wakasimulia kwa kinywa chao namna walivyopona. Maneno yao yalifungua milango ambayo magari hayakuweza kufungua.

Sheria nayo inasema. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 13, inakataza kumbagua Mkongomani kwa sababu ya kabila lake, asili ya jamaa yake au mahali anapokaa. Na sheria ya 15 Julai 2022 inalinda haki za Wambuti na ndugu zao wa msituni. Aliyehama hakuacha haki zake njiani.

Basi tufanye nini? Ninyi machefu, liste ya msaada isomwe mbele ya watu wote, na familia inayopokea iandikwe karibu na familia iliyopokelewa. Anayempa mgeni shamba la kulima, wakubaliane mbele ya mashahidi na kuandika karatasi: mpaka wapi, kwa muda gani, kwa malipo gani. Katika likelemba, changanyeni wenyeji na wageni, na hesabu zisomwe wazi, maana mtu haunguzi kwa urahisi nyumba yenye pesa yake.

Ninyi mliohama, toeni nanyi: kazi, ufundi, shauri. Habari ya mateso yenu ni mali yenu. Mtu asiwalazimishe kuisimulia au kupigwa picha ili mpate chakula. Mkitaka kusimulia, msimulie pia mliyoyajua na mliyoyajenga kabla ya kukimbia.

Mkizima redio, au mkikunja karatasi hii, kaeni pamoja mjadili:
1. Kwenye kartie yetu, nani hajaitwa bado penye moto?
2. Msaada wa mwisho ulituunganisha au ulitugawanya? Kwa nini?
3. Ni kazi gani ndogo tunayoweza kuanza kwa pesa yetu wenyewe, mwenyeji na mgeni pamoja?