Wimbo Uliopunguzwa Usipotee

Katika mazungumzo haya twataka kueleza jinsi fundi mmoja wa muziki alivyouokoa wimbo wake kwa kuupunguza. Fundi huyo ni Johann Sebastian Bach, Mjerumani, aliyesimamia muziki wa makanisa ya mji wa Leipzig tangu mwaka 1723 hata alipofariki mwaka 1750.

Siku zile kila Jumapili ilikuwa na somo lake, na muziki ulitungwa ulingane nalo. Jumapili ya 27 baada ya Utatu ilikuwa na habari ya wanawali kumi waliomngoja bwana arusi usiku. Lakini Jumapili hiyo haipatikani ila Pasaka ikiwahi sana. Miaka yote Bach alipokuwa Leipzig ilipatikana mara mbili tu, mwaka 1731 na mwaka 1742. Kwa ajili ya ile ya kwanza, tarehe 25 Novemba, alitunga muziki wa sehemu saba, akiujenga juu ya wimbo wa Philipp Nicolai uliopigwa chapa mwaka 1599.

Sehemu ya nne ndiyo tuitakayo. Waimbaji wa sauti ya tatu huuimba wimbo wa Nicolai polepole, mstari kwa mstari, wakinyamaza kati. Fidla hupiga pamoja tuni nyingine nyepesi, isiyowangoja. Chini yake besi hukanyaga taratibu, na mpiga kinanda hujaza sauti za katikati.

Je, kazi nzuri kama hii ikae kabatini, ikingoja Pasaka iwahi? Nyimbo za Bach za namna hii karibu zote hazikupigwa chapa maishani mwake. Zilikaa katika karatasi za mkono, na mali bila daftari hupotea bila habari. Nyingi zilipotea kweli. Basi yapata mwaka 1748 Schübler, mchapaji wa Zella, alitoa kitabu cha nyimbo sita za Bach kwa kinanda kikubwa cha kanisani, na wa kwanza ulikuwa huu. Mkono wa kuume ulishika tuni ya fidla, wa kushoto wimbo wa waimbaji, na miguu ikakanyaga besi. Sauti za kujaza ziliachwa. Maneno nayo yaliachwa, lakini kwa watu walioujua wimbo ule tangu utoto, tuni yenyewe ilitosha kuwakumbusha.

Kazi hiyo ni somo kwa kila atakaye kuwapangia wapigaji wachache wimbo mkubwa. Kwanza atafute sauti zisizoweza kuachwa. Hapa ni tatu, basi wapigaji watatu watosha: fidla kwa tuni ya juu, viola, iliyo kubwa kidogo kuliko fidla, kwa wimbo wa waimbaji, na chelo, ishikwayo kati ya magoti, kwa besi. Fidla isipige kwa nguvu hata ikaifunika viola, maana viola ndiyo iliyobeba maneno yasiyosikika.

Chama cha kupiga chapa kazi zote za Bach kilianza kutoa vitabu vyake mwaka 1851, miaka 101 baada ya kufa kwake. Muda huo wote kile kitabu kidogo kilikuwa kimekwisha kutoka. Apunguzaye kwa akili haharibu. Huufanya mzigo uchukulike, nao hufika mbali.