Mbona picha hupotea habari zinapohamishwa mtandaoni?

MKAZI wa Lunga Lunga anapofungua tovuti kusoma kuhusu mafuriko ya Mto Umba, unaotoka milima ya Usambara nchini Tanzania na kumwaga maji baharini karibu na Vanga, hutaka kuona maji yamefika wapi.

Maneno matupu hayamtoshi. Hata hivyo, mara nyingi mahali pa picha huwa pana kisanduku kitupu.

Kasoro hii huzikumba hasa tovuti ndogo zinazopokea habari kutoka tovuti nyingine kwa njia ya mlisho, yaani faili yenye orodha ya habari mpya ambayo programu huisoma na kuichapisha bila mkono wa mhariri. Mlisho wa aina ya RSS ulianza mwaka wa 1999, nao wa Atom ukaidhinishwa mwaka wa 2005.

Jambo la kufahamu ni kwamba, kwa kawaida, mlisho haubebi picha yenyewe. Hubeba anwani yake tu, mithili ya barua inayomwelekeza mtu akachukue mzigo kwingine. Anayetafuta kiini cha tatizo hana budi kuifuata anwani hiyo hatua kwa hatua.

Kwanza, fungua mlisho wenyewe. Ikiwa anwani ya picha haimo, chanzo kinatoa muhtasari pekee, na marekebisho yatafanywa na mwenye chanzo. Ikiwa imo lakini imewekwa kando na maandishi, huenda programu yako inasoma maandishi tu na kuiruka.

Pili, hakikisha anwani imekamilika. Iliyoandikwa "/picha/umba.jpg" bila jina la tovuti ilikotoka itatafutwa katika tovuti yako, ambako haipo.

Tatu, ifungue anwani peke yake katika kivinjari. Jibu la 404 humaanisha picha haipo mahali hapo. 403 humaanisha seva imekataa kuitoa. Ikifunguka peke yake lakini isionekane ndani ya ukurasa wako, yamkini chanzo kimezuia picha zake zisionyeshwe kwingine. Aidha, yawezekana anwani inaanza kwa http ilhali ukurasa wako unatumia https, nacho kivinjari kinaizuia kwa sababu za usalama.

Nne, ikiwa programu yako hunakili picha na kuzihifadhi, chunguza kama folda inaruhusu kuandikwa, kama nafasi imesalia, na kama picha ni kubwa kiasi cha kupita muda uliowekwa.

Ukisharekebisha, kumbuka kuwa habari zilizokwisha kuchapishwa huenda zisijirekebishe zenyewe. Zivute upya.

Kabla ya kukwepa kizuizi cha chanzo, omba idhini. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001 inalinda picha pia, na kizuizi hicho huenda ndiyo kauli ya mwenyewe.

Vilevile, usiiagize programu ijaze pengo kwa picha yoyote ya zamani. Kwa anayeamua kama atavuka mto au atahama na watoto wake, picha ya mafuriko ya mwaka mwingine ni hatari kuliko kisanduku kitupu.